Bikoni Haisimami Majini

Wajukuu zangu wa Handeni na Korogwe, sogeeni hapa mkekani, na yule anayechezea tochi aizime. Leo sina sungura wala fisi. Nina bomba, ziwa, bahari, na watu waliokaa mezani wakatafuta mpaka mahali ambapo jicho halioni mpaka.

Siku moja nilikuwa Segera, pale njia inapogawanyika, mkono mmoja unakwenda Tanga na mwingine Korogwe hadi Moshi. Nilikuwa na mwenzenu mmoja wa darasa la sita, tunangoja basi. Likapita lori, likafuata jingine, na jingine tena, yote yamebeba mabomba meusi, kila bomba urefu wa mita 18 hivi. Mtoto akaruka kwa furaha: "Bibi, maji yanakuja Handeni!" Sikumcheka. Aliyekulia Handeni, akaamka alfajiri na ndoo kichwani, akiona bomba huwaza maji kwanza. Nikamwambia maji ya Handeni yanavutwa kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mabomba yake mengine. Haya ni ya mafuta ghafi, yanatoka Uganda.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Uganda iko kule nyuma ya Kenya. Mbona yasipite Kenya, yapite kwetu?"

Nilimjibu kwa kifupi, basi likaja. Leo nataka kumjibu vizuri, nanyi mkiwa mashahidi.

Tuanze shambani. Kwetu ukitaka kujua shamba la jirani linaanzia wapi, unatazama mstari wa mkonge, au mti uliopandwa na babu, au bikoni ya zege iliyochimbiwa na wapimaji. Majirani wakigombana, anaitwa mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili watatu, watu wanakwenda mpaka kwenye ile bikoni, wanafyeka majani, wanaiona. Mwenye kosa anasogeza jembe lake. Sasa niambieni, ziwani bikoni utaichimbia wapi? Baharini utapanda mkonge gani? Maji unayoyatazama asubuhi, jioni yako kwingine. Kwa hiyo mpaka wa majini hukaa kwenye karatasi na kwenye midomo ya watu wawili waliokubaliana. Mmoja akikana, hakuna jani la kufyeka ili ukweli uonekane.

Mafuta yenyewe hayajui karatasi. Yamelala ndani ya miamba, chini kabisa, tangu zamani mno. Mwamba mmoja unaweza kuwa na kichwa nchi hii na miguu nchi ile.

Mwaka 2006 ilithibitika kwamba Uganda ina mafuta ya kutosha kuchimbwa, kando ya Ziwa Albert na chini yake. Ziwa hilo lina wenyewe wawili, Uganda mashariki na Kongo magharibi. Mstari wa katikati waliuchora Waingereza na Wabelgiji mwaka 1915, wakati wavuvi wa ziwa lile hawakuulizwa neno. Kusini mto Semliki unaingia ziwani, na sehemu ya mto huo ndiyo mpaka. Lakini mto huhama. Nanyi wa Korogwe mnajua Pangani ukifurika unavyoweza kula shamba la huyu na kumwachia mchanga yule. Semliki nao ukihama, nchi ya nani imepungua?

Karibu na pale kuna kisiwa kidogo cha wavuvi, Rukwanzi. Kabla ya mafuta, walioshughulika nacho sana ni wavuvi na wanunuzi wa samaki. Baada ya mafuta, kila nchi ikakitaka. Agosti 2007 risasi zikalia ziwani, watu wakafa, askari wakapangwa pande zote mbili.

Sikilizeni kilichofuata, maana kilitokea nchini kwetu. Tarehe 8 Septemba 2007, Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Joseph Kabila wa Kongo walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, mwenyeji wao akiwa Rais Jakaya Kikwete. Tanzania ilikaa pale kama wale wazee wawili watatu wanaoitwa shambani. Wakaandikiana kwamba askari watasogea nyuma, mpaka utapimwa upya, na mafuta yatakayokutwa yamelala pande zote mbili za mpaka yatachimbwa kwa ushirikiano. Jambo hili la kuchimba pamoja nchi hizo mbili zilikuwa zimelikubali tangu 1990, enzi Kongo ikiitwa Zaire, na Ngurdoto walilifufua. Si yote yaliyoandikwa yametimia, na upimaji wa mpaka umesuasua kwa miaka mingi. Lakini baada ya muda mapigano yalipungua, na wachimbaji wakapata nafasi ya kufanya kazi. Visima vya eneo la Kingfisher vinachimbwa kutoka ufukweni upande wa Uganda. Keekee inashuka ardhini, kisha inapinda na kwenda kuyafuata mafuta chini ya ziwa. Juu wavuvi wanatupa nyavu, chini chuma kinatembea.

Haya, mafuta yamepatikana, ugomvi umetulizwa kwa kiasi. Uganda haina bahari. Itayatoaje?

Njia zilikuwa mbili kubwa. Moja ilipita kaskazini mwa Kenya hadi Lamu, na mwaka 2015 Uganda na Kenya zilikuwa zimekwisha kuikubali. Ya pili ilizunguka kusini ya Ziwa Viktoria, ikakata Tanzania yote hadi Tanga. Aprili 2016 Uganda ikatangaza kwamba imechagua Tanga. Zilitajwa sababu kadhaa. Gharama ya kusafirisha pipa moja ilionekana nafuu zaidi huku. Bandari ya Tanga ilikuwepo tayari, wakati ile ya Lamu ilikuwa bado inajengwa. Na kulikuwa na hofu ya usalama kule karibu na mpaka wa Somalia. Upande ule nitaurudia, kwa sababu maji yake yana kisa chake.

Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Linaingia Kagera, linapita Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara, ndipo linaingia mkoa wetu: Kilindi, Handeni, Korogwe, Muheza, hadi Chongoleani jijini Tanga. Ili lifike huko ni lazima livuke mto Pangani, mto uleule unaotuletea maji. Wenye hisa ni wanne: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda UNOC asilimia 15, shirika letu TPDC asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8.

Sasa hapa nataka tukae kidogo, maana ufundi wake unanivutia. Nani amewahi kwenda Lushoto na chupa ya mafuta ya nazi? Tanga mafuta hayo yanamiminika kama maji. Ukipanda nayo milimani kutoka Mombo, ukalala nayo, asubuhi unakuta yameganda meupe, unayachokonoa kwa kijiko. Mafuta ghafi ya Uganda yana tabia hiyo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu yana nta nyingi. Hata kwenye joto la kawaida la Handeni yangeganda ndani ya chuma. Kwa hiyo bomba lote, kilomita zile zote, linapashwa moto kwa nyaya za umeme, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Limevikwa koti nene la povu gumu ili joto lisitoroke, na juu ya koti hilo lina ngozi nyeusi ya plastiki. Ndiyo maana mabomba tuliyoyaona Segera yalikuwa meusi. Kazi ya kuyavika koti ilifanyika Sojo, wilayani Nzega. Kisha yanazikwa, na udongo unarudishwa juu yake.

Kuna vituo sita vya kuyasukuma mafuta, viwili Uganda na vinne kwetu. Lakini mafuta yakikaribia pwani ardhi inashuka, na tabu inageuka. Sasa yanataka kukimbia. Fikirini lori lililojaa mbao likishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Dereva hakanyagi mafuta, anashikilia breki. Kwa hiyo upande wa kushuka vimewekwa vituo vya kupunguza msukumo, navyo ndiyo breki za bomba.

Mtoto yule wa darasa la sita aliniuliza pia kwa nini wasitumie malori tu. Tukapiga hesabu kwenye daftari lake. Tuseme bomba linapitisha mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja ni lita 159. Zidisheni, mtapata lita zaidi ya milioni 34. Lori la kubeba mafuta likichukua lita 35,000, yangehitajika malori karibu 1,000 kila siku, usiku na mchana, Krismasi na Idi. Pale Segera usingevuka barabara.

Lakini bomba nalo halikupita hewani. Limepita kwenye mashamba ya watu. Mkuza wake una upana wa mita 30, na waliokuwa na mihogo, mahindi, michungwa au nyumba ndani ya mita hizo walitakiwa kupisha. Wapimaji walikuja, wakahesabu mpaka shina la mnazi. Waliopoteza nyumba waliweza kuchagua kujengewa nyingine. Yako makaburi yaliyohamishwa. Katika maeneo mengi ya njia hii, kati ya siku shamba lilipohesabiwa na siku fidia ilipolipwa ilipita miaka, na katika miaka hiyo mkulima hakujua kama apande mti au asipande. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu marais wakishikana mikono, mwenye kung'oa mhogo wake ni mtu mmoja, na ana jina, na ana watoto wanaokula mhogo huo. Ushirikiano wa mataifa unaanza kuwa wa kweli anapolipwa huyo, tena kwa wakati.

Na wapo wanaosema mafuta haya yangeachwa ardhini. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi, na benki kadhaa kubwa zilikataa kuukopesha. Serikali za Uganda na Tanzania zilisimama kidete: nchi zetu zina haki ya kutumia mali yake kama wengine walivyotumia yao. Mimi nimezisikiliza pande zote mbili. Nimeona mvua za Handeni zilivyokuwa nikiwa msichana na zilivyo sasa, siwezi kuwaambia kwamba moshi wa dunia hautuhusu. Na nimeona vijana wa hapa wakipata kazi yao ya kwanza ya mshahara kwenye mkuza ule. Mkikua mtalibeba swali hili kuliko sisi.

Nilisema nitarudi kwenye maji ya upande wa Lamu. Kwanza nikumbusheni: ni nani hapa ana rafiki kutoka Chogo?

Nimeona mikono. Basi mnajua kwamba Chogo, hapahapa Handeni, wanaishi watu waliokuja kutoka Somalia, na wazee wao wanasema Kizigua chenye ladha ya zamani. Karne ya 19, njaa kubwa ilipoupiga Uzigua, wazee wao walichukuliwa utumwani kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Walipotoroka walikimbilia misitu ya mto Juba, na wasimuliaji wao wanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Walikaa huko vizazi na vizazi, lugha hawakuitupa. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991 wakarudi kama wakimbizi katika nchi ya mababu. Zaidi ya elfu moja wamepewa uraia wa Tanzania. Bahari waliyovushwa babu zao ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Mto Juba unaingia baharini karibu na Kismayu. Shuka kusini utafika mahali Somalia inapokwisha na Kenya inapoanza. Nchi kavu mpaka unajulikana. Ukiingia majini, Kenya ilisema mstari uende mashariki moja kwa moja, kama rula iliyolazwa kwenye daftari. Somalia ikasema hapana, mpaka uendelee kwa mshazari kuelekea kusini-mashariki, kila nukta yake iwe na umbali sawa na pwani zote mbili. Kati ya mistari hiyo miwili likabaki pembe tatu la bahari la zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Mkoa wote wa Tanga, na Kilindi yake na Lushoto yake, ungeingia humo mara tatu na nafasi ibaki. Na chini ya maji yale kila nchi iliamini kuna mafuta na gesi.

Sheria ya bahari ya mwaka 1982 inaipa nchi ya pwani haki ya mali iliyomo baharini hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370, mbali kuliko Korogwe hadi Dar es Salaam. Ndiyo sababu mstari mdogo ufukweni unakuwa ugomvi mkubwa huko nje. Tarehe 28 Agosti 2014 Somalia ilikwenda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Uholanzi. Februari 2019 uhusiano ulichafuka, Kenya ikamwita nyumbani balozi wake. Machi 2021 Kenya ilikataa kuhudhuria kikao cha kusikiliza shauri. Tarehe 12 Oktoba 2021 hukumu ikasomwa.

Majaji walifanya hivi. Walichora kwanza mstari wa umbali sawa. Kisha wakajiuliza: je, kuna anayeonewa? Wakatazama ramani pana zaidi, wakaona pwani ya Afrika Mashariki pale imeingia ndani kama tumbo la upinde, na Kenya imekaa katikati, imebanwa na Somalia kaskazini na kisiwa cha Pemba kusini. Pemba yetu, mnayoweza kuielekea kwa mashua kutoka Tanga, ilitajwa na majaji Uholanzi! Kwa sababu hiyo wakausogeza mstari kidogo kaskazini, Kenya ipate pumzi. Hata hivyo sehemu kubwa ya pembe tatu lile iliangukia Somalia. Kenya ikasema haiitambui hukumu. Tangu hapo, katika maji yale hakuna kisima hata kimoja kinachotoa mafuta. Yamelala, kama yapo.

Huenda mkadhani sisi na Kenya tulipata bahati tu ya kuwa na bahari tulivu. Haikuwa bahati. Mpaka wetu na wao unaanzia Ras Jimbo, kaskazini ya Tanga, ukiwa umepita Jasini. Na pale nje kuna Pemba, kisiwa kilekile kinachowabana. Sababu za kugombana zilikuwepo tele. Miaka ya sabini wajumbe wa nchi hizi mbili walikaa, wakabishana, wakaandikiana barua: ya kwanza Desemba 1975, ya pili Julai 1976. Mstari ukapita katikati ya Pemba na pwani ya Kenya, kisha ukanyooka mashariki. Nyakati zile nchi hizi hazikuwa zikicheka pamoja. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika na mpaka wa nchi kavu ukafungwa. Barua zile hazikuchanwa. Mwaka 2009 wakaongeza mapatano mengine, mstari ukaenda mbali zaidi baharini. Leo umeme unasafiri kati ya nchi hizi kwa nyaya za kilovolti 400, kutoka Isinya kupitia Namanga na Arusha hadi Singida, na Kenya haikutukatalia hilo eti kwa sababu bomba lilikuja Tanga.

Ndani ya barua zile za mpaka wa baharini kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Walikumbuka wavuvi. Wakaandika kwamba wavuvi wadogo wa pande zote mbili, wanaovua kwa ajili ya riziki ya nyumbani, waruhusiwe kuvua hadi maili 12 za baharini kila upande wa mstari. Mtu wa Vanga na mtu wa Jasini, ambao huenda ni binamu, wasikamatane kwa kufuata samaki.

Kwa hiyo, wewe wa darasa la sita, jibu lako ni hili. Mafuta yatoke chini ya ziwa lililogombaniwa na kusuluhishwa Ngurdoto, yapite chini ya miguu yetu Handeni, yavuke Pangani kule Korogwe, yafike Chongoleani kwenye matangi manne, kila tangi mapipa 500,000. Hapo yapande meli. Meli ikitoka itaukuta mkondo wa Pemba, na nahodha akifungua ramani yake ataona mstari umechorwa humo tangu kabla mama yako hajazaliwa. Pembeni ataona ngalawa. Atapunguza mwendo, wale wavuvi wainue nyavu zao kwanza.